Nilivyomzungusha baba yangu kipofu kwenye kuta zake saba, Bujumbura ya vita

Wakuu, gharama kwanza, kisa baadaye.

Safari nzima ilinila redio moja ya betri sita, saa moja ya mkono, kilo sita za ndagala wakavu (dagaa wa ziwa letu), jino moja la chini, na uongo mmoja.

Nimehesabu mara mbili. Ni hivyo hivyo.

Salamu kwenu nyote, wa humu ndani na wanaosoma bila kujiunga. Ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe. Mkikuta chumvi, ni ile iliyokuwa tayari kwenye ndagala.

Kilichonitoa mafichoni ni uzi wa juzi wa yule mwenzetu aliyezunguka majumba ya sanaa ya Ulaya, nchi sita kwa siku kumi na nne. Picha nzuri, hongera mkuu. Lakini chini yake kuna mtu akakomenti kwamba sisi wa huku, hasa tuliokulia kwenye risasi, hatuna utamaduni wa kusafiri kwenda kuangalia majengo. Eti tulikuwa na shida nyingine.

Shida tulikuwa nazo. Na majengo tuliangalia.

Kaeni niwaambie.

Mimi ni mtu wa Kanyosha, kusini mwa Bujumbura. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nachukua ndagala na sabuni, napeleka Gatumba mpakani kwa baiskeli, narudi na vitenge kutoka Kongo. Kina mama wa pale Gatumba waliniita Mara Mbili, kwa sababu sikupokea chenji bila kuihesabu mara mbili, hata kama ni noti moja.

Baba yangu alikuwa masoni, fundi wa kujenga. Sifa yake ilikuwa klostra, zile kuta za matofali ya saruji yenye matundu, zinazoingiza upepo na kuzuia jua. Aliyefika Bujumbura anazijua, mji umejaa. Tangu Wabelgiji wanafunga mizigo mpaka miaka mingi baada ya uhuru, baba alikuwa anazipanga.

Jina lake aliliandika kwa taabu. Basi alisaini kwa njia nyingine. Kila ukuta mkubwa aliojenga, tofali moja aliligeuza juu chini. Kama tundu lina umbo la jani lenye ncha juu, hilo moja ncha yake ilikuwa chini. Kwenye matofali mia tatu hulioni. Msimamizi alipita kila siku na hakuliona.

Mteja mmoja alitaka matundu ya duara. Baba akakataa kazi. Duara haina juu wala chini, angesaini wapi?

Kuta zenye saini zilikuwa saba. Alizitaja kwa safu na namba ya tofali, kama mzazi anavyotaja wanawe kuanzia kifungua mimba.

Mimi sikumwamini. Mtu anayejisifia kitu ambacho kazi yake ni kutoonekana, sokoni tunamjua. Nilishamwambia hivyo mbele ya wenzake, wakinywa bia. Wote walicheka. Yeye akaweka chupa chini, akasema, "Sawa."

Baadaye macho yake yakafunga. Ukungu jicho moja, kisha la pili, kisha giza. Pesa ya kumpasua hatukuwa nayo, na daktari wa macho alishakimbia nchi.

Halafu makombora yakaanza kuanguka Kanyosha.

(Msiniulize kabila. Wakati ule kila kizuizi kiliniuliza. Sina hamu ya kuulizwa tena na ninyi.)

Mke wangu na watoto niliwavusha hadi Uvira, upande wa Kongo, kwa dada yake. Nikarudi kumchukua mzee. Majirani wa kushoto walishaondoka, kwa wa kulia alibaki mbwa tu. Nikamkuta baba kwenye kigoda, mwiko wake wa saruji mapajani.

"Papa, kesho tunavuka."

"Mi sivuki."

"Papa, hapa watu wanakufa."

"Najua. Nasikia. We nipeleke kwanza nione kazi zangu, halafu nitavuka."

"Uone na nini?"

"Na we."

Wakuu, kazi yangu ni kupatana bei. Nikamwambia, "Nitakupeleka tatu."

"Saba."

"Tano, Papa. Tano ni nyingi. Mji wote vizuizi."

"Mi nilijenga saba."

"Sita, nakubeba mwenyewe."

"Mutoto, unafikiri tuko Gatumba hapa? Saba."

Hii ndiyo biashara pekee maishani niliyoingia nikatoka kwa bei ileile ya muuzaji.

Nikamkalisha kwenye keria ya baiskeli, nyuma nikafunga mfuko wa ndagala na redio, tukaenda.

Ukuta wa kwanza ulikuwa wa jengo la ofisi mjini kati, ghorofa tatu. Baba alisema, "Ukuta wa ngazi. Safu ya tisa kutoka chini, tofali la kumi na nne kutoka kushoto."

Nikasimama barabarani, nikanyoosha kidole, nikaanza kuhesabu kwa sauti ili asikie.

Nadhani mmeshaona kosa langu. Nchi iko vitani, mtu mzima amesimama mbele ya jengo la serikali anahesabu matundu.

Wanajeshi wawili walifika kabla sijamaliza safu. Mmoja kijana, mmoja koplo mwenye sauti ya kukwaruza.

"Unahesabu nini?"

"Matofali, chef." Chef ni mkuu, kwa Kifaransa.

"Matofali?"

"Matofali. Moja limegeuka."

Koplo akatazama ukuta, akanitazama mimi. "Nionyeshe."

Nikahesabu. Tisa juu, kumi na nne kutoka kushoto. Limesimama sawasawa kama wenzake. Nikahesabu tena. Sawasawa.

Pale ndipo jino lilipokwenda, kwa kitako cha bunduki cha yule kijana. Nikakaa chini bila kupanga, nikilia jino langu. Nakumbuka sikumfikiria mwanajeshi. Nilimfikiria baba, nikasema moyoni: nilijua. Nilijua ni uongo mtupu, na sasa nitafia kwenye uongo wa mzee.

Baba alikuwa bado ameshika usukani wa baiskeli. Akauliza, taratibu kabisa, "Mumesimama wapi?"

Koplo akasema, "We mzee nyamaza."

"Naulizia tu, mwanangu. Mumesimama wapi? Nje ao ndani?"

"Nje."

"Apana, sasa hiyo ni hesabu ya nani? Masoni anahesabu toka ndani. Jukwaa letu la miti lilikuwa ndani. Kushoto ya ndani ni kuume ya nje. Ingia, chef. Panda ngazi, uhesabu. Ukikosa, tuko hapa, mi sioni na huyu hana jino. Tutakimbilia wapi?"

Kijana akacheka. Koplo hakucheka. Aliingia.

Nimewahi kungoja mambo mengi. Visa, mtoto kuzaliwa, majibu ya maabara. Hakuna lililokuwa refu kama koplo yule kupanda ngazi. Tulisikia buti zake, kisha kimya, kisha sauti yake kupitia matundu, anahesabu. Alipofika mwisho akaanza upya.

Nilimpenda pale pale. Mtu anayehesabu mara mbili ni ndugu.

Akashuka. Akamwambia baba, "Iko. Ncha chini."

"Ego," baba akasema. Ndiyo, kwa Kirundi. Basi.

"Mi napanda ngazi hizi kila siku miaka miwili. Sijaona."

"Ungeona, ningekuwa masoni mubaya."

Koplo akachana pakiti ya sigara, akaandika kwenye karatasi yake ya ndani: *Hawa wawili ni watu wa kuta. Waacheni wapite.* Akasaini. Jino hakunirudishia, ila karatasi ile ilitupitisha vizuizi vinne.

Mimi nilikuwa nimeinama natema damu, kwa hiyo hakuna aliyeona uso wangu. Afadhali. Nilikuwa nimemwita baba mwongo miaka kumi kwa sababu nilikuwa nimesimama upande wa barabara.

Ya pili ilikuwa ukumbi wa sinema, uliokuwa umegeuzwa ghala la mchele. Mwenye funguo hakutaka ndagala, alitaka redio. Nikamshusha mpaka akakubali redio bila betri. Alipoondoka akarudi, akasema redio bila betri ni sanduku. Nikampa betri tatu. Mkuu yeyote anayejua redio ya betri sita anajua alichopata. Kesho yake alinisubiri barabarani, nikampa tatu zilizobaki, kwa sababu baba alisikia na akanionea aibu.

Saini ilikuwepo, nyuma ya magunia. Shule ya masista, ilikuwepo. Sista mzee alitupa chai, akapokea ndagala kilo mbili za watoto wa bweni, hakuuliza kitu. Zahanati, ilikuwepo, ila risasi ilishapita karibu yake na kula tofali la jirani. Nilipomwambia baba alitaka kujua kama lililovunjika ni la juu au la kando. La kando, nikasema. Akashusha pumzi. Kumbe la juu ndilo linalobeba.

Kanisani tuliingia ibada ikiendelea. Nikahesabu matofali watu wakiimba. Mara ya pili nikahesabu wakiomba. Ilikuwepo.

Ya sita ilikuwa makumbusho ya sanaa, na hapa nataka yule wa nchi sita asome polepole.

Jumba dogo, chumba kimoja kirefu. Ngoma, vikapu vyenye vifuniko vya ncha, mikuki, picha chache za rangi ukutani. Mlangoni amekaa bwana mmoja, shati jeupe limepigwa pasi, na kitabu cha tiketi.

"Tiketi mbili," akasema.

"Mheshimiwa, huyu haoni. Mpe nusu bei."

"Makumbusho haina nusu bei."

"Mara ya mwisho umeuza tiketi lini?"

Akafikiri. "Kabla ya mvua."

"Mvua ya mwaka gani?"

"Bwana, unaingia ao unabaki?"

Alikuwa hajalipwa mshahara miezi, alituambia mwenyewe baadaye. Na kila asubuhi alitembea kutoka Bwiza, akavuka kizuizi, akafungua, akafuta vumbi kwenye ngoma, akakaa na kitabu cha tiketi akingoja wageni ambao hawakuwepo. Niliuliza kwa nini. Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini amevaa suruali.

"Nikifunga, nitakuwa nimesema nini?"

Nikalipa kwa ndagala kilo tatu, nikaongeza ya nne bila kuombwa. Andikeni hiyo. Ni mara ya kwanza kuzidisha bei kwa hiari yangu, na sijapata ya pili.

Ukuta wa pale ulikuwa mfupi na tofali la baba lilikuwa la safu ya tano, mkono unafika. Kwa hiyo pale hakunihitaji. Alipapasa kutoka kushoto akihesabu kwa midomo. Alipolifikia akaingiza vidole kwenye tundu, akafuata ukingo mpaka kwenye ncha ya chini, akabaki pale. Yule bwana wa tiketi akaniuliza kwa kunong'ona anafanya nini. Nikamwambia, anasoma jina lake.

Akaenda kwenye ngoma kubwa, ile yenye kibao cha *usiguse*, akakigeuza kibao. "Mzee, njoo. We shika hii pia. Ila nawa mikono kwanza."

Tuliporudi nyumbani jioni ile kulikuwa na shimo jipya kwenye ua wa jirani. Yule mbwa hakuwepo.

Imebaki moja, ya Kibenga. Nyumba ya mfanyabiashara wa kahawa, kando ya ziwa.

Sasa sikieni ujinga wangu. Kibenga ni jirani yetu. Kutoka Kanyosha unaenda kwa miguu. Ndiyo maana niliiacha mwisho, nikisema hiyo tutaichukua wakati wowote. Tulivuka mji mzima kutafuta za mbali, na ya mlangoni tukaiweka akiba.

Asubuhi ile mapigano yalikuwa yameshuka kutoka milimani. Miguu ya baba ilikuwa imevimba kwa keria. Akasema, "Nenda peke yako. Mi nangoja hapa. Ukirudi tunavuka."

"Nipe hesabu."

"Ukuta wa ngazi, upande wa ziwa. Safu ya kumi na moja. Anza kushoto."

"Tofali la ngapi?"

"Utaona mwenyewe."

Nyingine zote alinipa mpaka namba. Hii hakunipa. Niliona ajabu, lakini sikuwa na muda wa kushangaa.

Kwenye njia ya Kibenga kulikuwa na kizuizi cha vijana wasiojua kusoma karatasi ya koplo, au hawakutaka. Nikawapa saa. Wakaichukua, wakaniambia pita. Nilipiga hatua kama thelathini, risasi zikaanza, na wale wale wakanifyatulia juu ya kichwa nirudi. Saa ikabaki, mimi nikaingia mtaroni.

Nililala kwenye mtaro ule kwa muda wa saa mbili hivi. Bila saa siwezi kuapa. Nilipoinua kichwa niliona paa la nyumba yenyewe. Paa tu.

Nikarudi nyumbani. Baba amekaa, mzigo umefungwa, mwiko juu yake.

"Umeona?"

Nikafikiria kumwambia ukweli. Angesema hatuvuki, au angesema nirudi. Na nilimjua, angekaa pale kwenye kigoda mpaka paa limshukie.

"Nimeona, Papa."

"Ngapi?"

"Moja. Ncha chini. Iko vizuri."

Akashika bega langu, akasimama.

"Sawa. Twende."

Tulivuka Gatumba siku hiyohiyo. Baada ya mwaka vita ikatufuata Uvira, tukavuka ziwa mpaka Kigoma, na ndiko naandikia.

Miaka ilipita. Baba akazeeka vizuri, akipiga domo na mafundi wa Kigoma, akiwakosoa kuta kwa kuzipapasa. Siku moja, ameshaanza kuugua ule ugonjwa uliomchukua, ananywa uji, akasema tu, "Ile ya Kibenga ni mbili."

"Mbili nini?"

"Saini. Niligeuza mbili, zinafuatana. Ulizaliwa wiki ile. Moja yangu, moja yako."

Wakuu, sikuwa na mahali pa kuangalia.

"Kwa hiyo ulijua sikufika."

"Nilijua pale pale."

"Mbona ulikubali kuvuka?"

"Ulinuka mtaro toka mulangoni. Ningekuambia apana, mbili, ungerudi. Nakujua. Ungerudi kuhesabu mara ya pili." Akaomba sukari kwenye uji. "Mi nilikuwa na kuta saba na mutoto moja."

Alifariki mwezi uliofuata. Mwiko ninao.

Binti yangu yuko Ubelgiji siku hizi, na mwaka mmoja alinipeleka kwenye jumba kubwa la sanaa la kule. Kila picha ina jina chini, na mtu wa kukuelezea jina. Nikamuuliza yule mtu wa maelezo, marumaru hii ya sakafu ameipanga nani? Akasema hilo halijaandikwa. Nikapiga magoti katikati ya watu, miwani puani, nikaanza kutafuta kipande kilichogeuzwa. Binti akaona haya. Mlinzi akaja. Nilimaliza vyumba viwili kabla hawajanitoa, na nikiruhusiwa nitarudi kwenye cha tatu. Kwa hiyo wewe uliyesema hatuna utamaduni wa kutazama majengo: tunao. Tunatazama kutoka ndani.

Somo? Hesabu ukiwa upande wa fundi. Na anza na ya karibu.

Sasa nafika kwenye deni lenu, maana uzi mmesoma bure.

Amani iliporudi nilikwenda Kibenga mara mbili. Mara ya kwanza mlinzi alikataa, mwenye nyumba amesafiri. Mara ya pili alikuwa mlinzi mwingine, akafungua geti lote, akasema karibu mzee. Nikasimama. Ngazi niliziona. Nikamwambia nimekosea nyumba, nikaondoka.

Mtacheka. Mimi Mara Mbili nimeshindwa kuhesabu hata mara moja. Zikiwa mbili, sijui nitaangukaje pale kwenye ngazi za watu. Ikiwa moja, basi mzee alinitengenezea ile ya pili pale kwenye uji, nitoe uongo wangu nipumzike, kwa kuweka wa kwake juu. Na hilo pia sijui nitalibeba vipi.

Lakini shangazi yangu aliyebaki Bujumbura amepiga simu wiki hii. Ziwa limepanda, maji yako kwenye ua wa nyumba ile na ukuta wa ngazi umeanza kunywa. Saruji ya zamani ikinywa, haikai.

Kwa hiyo naomba mtu mmoja aliyeko Bujumbura. Njoo PM nikuelekeze. Mlinzi ni mwema, mpe kitu, usimpunguzie. Ingia ndani. Ukuta wa ngazi, upande wa ziwa, safu ya kumi na moja kutoka chini, anza kushoto.

Ukimaliza, anza tena. Halafu ndiyo uniandikie.